Shaba ya Kolwezi sasa ina milango miwili, na sisi wa Dar tunaangalia mmoja tu

Wakala wa Transiti (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote.

Wiki iliyopita nililala Tunduma, mpakani na Zambia, siku mbili nikifuatilia malori matatu ya mteja wangu yaliyokwama kwenye makaratasi. Usiku wa pili nilikaa na dereva mmoja aliyetoka na shaba Kolwezi, kule kwenye migodi ya kusini mwa Kongo. Alikuwa amefungua lile sanduku la pembeni ya trela, katoa jiko la gesi, anasonga ugali kwa mwanga wa simu. Nyuma yake, chini ya turubai, mabamba ya shaba yamefungwa mafungu mafungu kwa mikanda ya chuma, tani 30 hivi. Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Mei 2024 tani moja ya shaba ilivuka dola 10,000 kwenye soko la London. Kwa bei hiyo yule kijana alikuwa analinda dola 300,000, siku ya tatu hajaoga, anasubiri muhuri.

Hapo ndipo nikaamua kuandika. Humu kila siku tunabishana kuhusu Marekani na China, BRICS, dola itaanguka lini. Mjadala tunaupeleka Ukraine na Taiwan, wakati mzigo wenyewe unaogombaniwa unapita Mbeya kila saa.

Kongo ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, nyuma ya Chile tu. Kobalti yake ni zaidi ya theluthi mbili ya ile inayochimbwa dunia nzima. Bila shaba hakuna nyaya za umeme, na kobalti inaingia kwenye betri. Migodi mingi mikubwa iko mikononi mwa Wachina. Tenke Fungurume ilikuwa ya Freeport-McMoRan, kampuni ya Marekani. Mwaka 2016 wakaiuza kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Wamarekani waliuza kwa hiari yao, leo wanahangaika kurudi.

Lakini Kolwezi haina bahari. Lazima shaba itokee mahali.

Mlango wa magharibi ni Lobito, Angola. Reli ya Benguela ilianza kujengwa mwaka 1903 na kumalizika miaka karibu 30 baadaye, kilomita 1,344 hadi Luau mpakani mwa Kongo. Vita vya Angola vikaifunga kuanzia 1975. Mlango wa mashariki ni wetu: TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi. Ilijengwa kwa sababu Ian Smith alijitangazia uhuru wake Rhodesia mwaka 1965 na Zambia, ambayo mizigo yake ilipitia huko, ikawa inabanwa shingo. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi walisema reli hiyo hailipi. China ikasema italipa. Mkataba ukasainiwa Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, ikakabidhiwa 1976. Mkopo yuan milioni 988, bila riba.

Sasa njooni miaka yetu. Septemba 2024 Rais Samia na Rais Hichilema wa Zambia walikuwa Beijing pamoja na Xi Jinping wakishuhudia makubaliano ya kuifufua TAZARA. Miezi mitatu baadaye, Desemba 2024, Biden akatua Angola, akaenda mpaka Lobito. Marekani inaikopesha ile njia dola milioni 553. Kwenye mkutano wa Lobito walikuwepo Lourenço wa Angola, Tshisekedi wa Kongo, Hichilema, na kwa niaba yetu Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Mpango. Zambia na sisi tulikaa meza zote mbili. Sioni aibu hapo, ndivyo nchi zisizo na manowari zinavyotakiwa kuishi. Ninachouliza ni kama tulipokaa tulijua tunataka nini.

Maana hizo pande mbili mkizichungulia, haziko mbali hivyo. Ile reli ya Benguela inayopewa mkopo na Marekani, aliyeijenga upya baada ya vita ni Mchina, kati ya 2006 na 2014, kwa takriban dola bilioni 1.8. Kampuni inayoiendesha sasa, Lobito Atlantic Railway, ni ya Trafigura, Mota-Engil na Vecturis. Na Mota-Engil ya Ureno, karibu theluthi moja ya hisa zake ziko kwa CCCC, kampuni ya serikali ya China. Kwa hiyo mkopo wa Washington unatembea kwenye mataruma ya Beijing, unabeba shaba ya migodi ambayo mingi ni ya Wachina. Anayewaambia kuna reli ya Mzungu na reli ya Mchina anawarahisishia mambo mno.

Kuna jingine watu hawalijui. Geji ya TAZARA, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ni milimita 1,067. Ya Zambia ni hiyo hiyo, ya Kongo hiyo hiyo, ya Benguela hiyo hiyo. Julai 2019 treni ya watalii ya Rovos Rail iliondoka Dar ikafika Lobito, bahari hadi bahari. Kwa chuma, milango miwili ni nyumba moja. SGR yetu, ambayo naipenda na nimeipanda hadi Dodoma, geji yake ni 1,435. Haiwezi kuingia huko.

Hoja yangu ni hii. Leo tuna nguvu ya kujadiliana kwa sababu wakubwa wawili wanakimbizana na hakuna aliyemaliza. TAZARA ilibuniwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na imeshindwa kufika hapo maisha yake yote. Miaka mibaya ilibeba chini ya tani laki moja. Upande wa pili, kutoka Luau kwenda Kolwezi kuna zaidi ya kilomita 400 za reli ya SNCC ya Kongo ambayo ni chakavu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya shaba bado iko kwenye malori, na malori mengi yanakuja kwetu. Siku njia zote mbili zikikamilika, mwenye mgodi atachagua kwa bei na kwa siku. Hapo hatatuuliza Nyerere alisema nini.

Septemba 2025 TAZARA imekodishwa kwa CCECC, kampuni ya ujenzi ya serikali ya China, kwa miaka 30, mitatu ya ukarabati na 27 ya uendeshaji, uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Nataka tujadili masharti. Nani anapanga nauli ya mzigo? Kampuni nyingine ikileta mabehewa yake itaruhusiwa kupita? Vijana wetu watafundishwa kuendesha, au baada ya miaka 30 tutaanza moja?

Karibuni.

---

Mchele wa Mlimba

Mkuu umeongea shaba, shaba, shaba. Ngoja nikuletee abiria.

Mimi nimezaliwa bonde la Kilombero. Masika ikikolea, barabara ya kwetu ni tope mpaka kiunoni. Mjamzito akizidiwa usiku, tunasikilizia treni. Mchele wetu, ndizi, samaki wa mto, vyote vinapandia dirishani Mngeta, Chita, Mlimba. Mama yangu alitusomesha kwa magunia ya mchele aliyoyapandisha Mlimba, na kila gunia alilijua kwa kamba yake.

Mwekezaji anayekuja kutafuta faida ya shaba, treni ya abiria kwake ni hasara inayomzibia njia. Itasimama vituo vyote, inachukua muda, nauli ndogo. Kama mkataba hausemi kwa maandishi treni ya abiria itatembea mara ngapi kwa wiki na itasimama wapi, basi sisi tumeshafutwa. Hilo ndilo sharti langu, mengine malizieni nyie wa bandarini.

---

Mstaafu Gongo la Mboto

Vijana wangu, nawasoma kwa makini.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka 20 nilipoajiriwa ujenzi wa reli, kipande cha milimani kati ya Mlimba na Makambako. Pale ndipo penye madaraja na mahandaki. Wachina tulilala nao kwenye mahema yale yale. Bosi wao alibeba taruma begani kama mimi. Sijawahi kuona Mzungu akifanya hivyo katika nchi hii, na siyasemi haya kwa chuki. Huku jirani yangu, Majohe, kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina, zaidi ya 60. Walikufa mbali na mama zao kwa ajili ya njia ya Zambia.

Kwa hiyo mwanzisha uzi anaposema "masharti", namuunga mkono, ila asichanganye vitu. Ile ilikuwa China maskini inayosaidia maskini mwenzake, na sehemu ya gharama za hapa nyumbani ililipwa kwa bidhaa za Kichina zilizouzwa madukani kwetu. Hii ya sasa ni kampuni, inataka kurudisha dola zake bilioni 1.4 na faida juu. Jina ni lile lile, China, lakini aliyekaa mezani ni mwingine. Sisi ndio tunaokwenda kwenye majadiliano tukiwa bado na urafiki wa 1970 kifuani.

Na jambo moja la ukweli: reli haikuuliwa na Mchina wala Mzungu. Baada ya kukabidhiwa tuliiendesha sisi na Wazambia nusu kwa nusu, kila upande ukisubiri mwenzake atoe fedha ya vipuri. Nimeona kichwa cha treni kikitolewa vipuri kulisha kichwa kingine mpaka vyote viwili vikalala. Hilo liliniuma kuliko kustaafu.

---

Mwana wa Kenya, Lubumbashi

Bandugu, miye niko Lubumbashi, komini ya Kenya (ni mtaa wa mji wetu, si ile nchi). Kiswahili chetu mtakivumilia.

Nasoma namna mnabishana shaba ipite wapi. Siye huku tunajiuliza kwa nini ipite tu. Reli ya Benguela tangu zamani ilikuja kuchukua. TAZARA ilikuja kuchukua. Malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanachukua, foleni kilomita na kilomita, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria za watu.

Nitawapa mfano wa nguvu ya kweli. Bei ya kobalti ilikuwa imeanguka vibaya. Februari 2025 serikali yetu ikafunga, hakuna kobalti kutoka. Walisema miezi minne, ikaongezwa. Oktoba wakafungua kwa vipimo: tani 18,125 kwa kumaliza mwaka, na 96,600 kwa mwaka 2026, vilevile 2027. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Hatukuhitaji reli wala Biden. Tulishika bomba tukalifunga.

Mwaka 2024 tena, ule mkataba wa Sicomines wa 2008 na Wachina, wa madini kwa barabara, ukajadiliwa upya, fedha za barabara zikapanda kutoka dola bilioni 3 kwenda 7. Wachina walikubali. Kumbe walikuwa wanaweza kukubali toka zamani.

Sisemi kila kitu ni kizuri. Mashariki Goma na Bukavu zilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwaka huo huo wa 2025, na watu wetu wanakufa. Nguvu ya madini bila nguvu ya jeshi ni nusu. Lakini msifikiri mwenye mlango ndiye mwenye nyumba.

---

Wakala wa Transiti

Shikamoo mzee wangu wa Gongo la Mboto. Na ndugu wa Lubumbashi, umenigusa, nakiri. Niliandika kama mtu wa bandari, nikaiona shaba inaanzia Tunduma.

Ila nikuongezee kitu upande wangu, maana ndicho ninachokishika kila siku. Lori la kwenda Kolwezi haliendi tupu. Linapeleka mafuta, mashine, na zaidi linapeleka salfa. Wasiojua: madini ya shaba na kobalti ya Katanga, yaani eneo la Kolwezi na Lubumbashi, kwa kiasi kikubwa yanayeyushwa kwa asidi, na asidi hiyo inatengenezwa kwa salfa. Salfa ni ule unga wa njano unaobaki wakati wa kusafisha gesi na mafuta, na Ghuba wanao milima kwa milima. Meli inatoka Ghuba inafunga gati Dar, malori yanapakia njano, yanapandisha Mikumi, Makambako, Tunduma, yanarudi na shaba ambayo meli nyingine inaipeleka Asia. Na zaidi ya nusu ya shaba ya dunia inatumika China.

Mzigo wa kwenda na wa kurudi ndio siri ya bei. Dar imeelekea Ghuba na China, Lobito imeelekea Ulaya na Amerika. Lobito nao wameshaanza kuingiza salfa, kwa hiyo tusilale. Lakini nguvu yetu ya Dar inatoka kwenye mzunguko huo, na mkataba wa TAZARA ukipanga mabehewa kwa ajili ya shaba tu bila mzigo wa kupanda, bei itakuwa ya juu na malori yatabaki barabarani yakituua na kuvunja lami.

Tazameni pia bandari yenyewe. Oktoba 2023 DP World ya Dubai walisaini kuendesha gati namba 4 hadi 7. Mwaka 2024 Adani wa India na AD Ports wa Abu Dhabi wakanunua TICTS, kampuni ya kituo cha kontena, kutoka kwa Hutchison wa Hong Kong. SGR ya Dar hadi Makutupora wamejenga Waturuki, vichwa vya umeme ni vya Korea Kusini, vipande vya Mwanza na Kigoma ni vya Wachina. Dunia ya wakubwa wengi siyo ya kesho, tunaishi ndani yake kuanzia Kurasini. Mwarabu, Mhindi, Mturuki, Mkorea, Mchina, wote wako kwenye njia moja ya tani moja ya shaba. Na kila mmoja akijua anachotaka, anayebaki kusubiri kuambiwa ni mwenye ardhi.

---

Mtu wa Changamwe

Salamu kutoka Mombasa, ndugu zangu wa Bara na wa Kongo.

Naomba mjifunze kwetu kabla hamjaumia. SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa 2017 kwa mkopo wa Exim Bank ya China. Mkopo ukawa mzito, basi serikali ikatoa amri kontena zote za bara zipande treni, zikatolewe ushuru Nairobi. Siku hiyo Mombasa ilipigwa. Madereva, matanboi, wapiga stoo, wenye yadi za kontena Changamwe na Miritini, wote chini. Mariakani na Mtito Andei, miji iliyokuwa ikila kwa malori, vyumba vya kulala wageni vilifungwa kimoja baada ya kingine. Watu wakaandamana kila wiki. Amri ile haikuondoka mpaka Septemba 2022, siku ile Ruto alipoapishwa.

Kwa hiyo Makambako na Tunduma, sikizeni. Someni kama kuna kifungu kinachoahidi mwekezaji kiasi fulani cha mzigo. Kikiwepo, siku mzigo ukipungua serikali italazimisha, na atakayelazimishwa ni wewe mwenye lori moja la mkopo.

Jambo la pili ni deni. Oktoba 2025 Kenya iligeuza mikopo hiyo ya reli kutoka dola kwenda yuan, na Hazina ikasema itaokoa kama dola milioni 215 kwa mwaka. Wengine walishangilia eti dola imekufa. Mie nasema polepole. Riba imeshuka, naam, lakini sasa tunatafuta yuan na sisi China tunawauzia kidogo, tunanunua kwao mengi. Deni lililobadilishwa nguo bado ni deni.

---

Dada Nakonde

Mimi ni Mzambia, mume Mnyakyusa, duka letu liko hatua 200 kutoka geti la mpaka na Tunduma.

Changamwe umesema kweli kuhusu deni. Sisi Novemba 2020 tulishindwa kulipa dola milioni 42.5 za riba, dunia nzima ikatutangaza. Kupata muafaka wa wadai wa kiserikali ilichukua mpaka Juni 2023, Paris, na China ndiye aliyekuwa mdai mkubwa kuliko wote pale. Miaka mitatu karibu, na kwacha ikiyumba bei ya unga wa mahindi ilipanda dukani kwangu mpaka nikaona aibu kuwatajia wateja. Tulikuwa tumekopa kwa Wachina, kwa Wazungu wenye hati fungani, na kwa wengine. Kuwa na marafiki wengi hakukutusaidia, maana kila mmoja alisubiri mwenzake asamehe kwanza.

Na Februari 2025 bwawa la taka za mgodi wa Wachina pale Chambishi likapasuka, asidi ikaingia mto Kafue. Samaki wakaelea. Wakati wa kujadili reli msisahau na mto.

---

Hesabu Kwanza

Mwanzisha uzi, swali fupi. Nani kati yetu ameuona mkataba wa TAZARA? Nukta kwa nukta? Tunajadili vifungu ambavyo hatujavisoma.

---

Wakala wa Transiti

Mkuu Hesabu Kwanza, hapo ndipo penye kidonda. Mimi sijausoma, na katika watu ninaofanya nao kazi sijakutana na aliyeusoma. Tunajua kiasi cha fedha na idadi ya miaka kwa sababu vilitangazwa. Nauli, dhamana ya mzigo, haki ya kampuni nyingine kupita, treni ya abiria ya Mlimba, hayo ndiyo yatakayotugusa, na ndiyo hayasemwi jukwaani. Mwaka 2023 nchi nzima ilibishana kuhusu bandari kwa sababu karatasi za makubaliano na Dubai zilifika mikononi mwa watu. Kelele zilikuwa nyingi, mengine ya uongo, lakini kilichosainiwa Oktoba kilikuwa kimechambuliwa na taifa zima. TAZARA haijapata hata robo ya mjadala ule, wakati ni ya nchi mbili na kilomita 1,860.

Ombi langu kwa wenye ndugu bungeni, Dodoma na Lusaka: waombe vifungu hivyo vinne visomwe kwa sauti. Dada wa Nakonde, la tano ni lako, nani analipa mto ukichafuka. Ndugu wa Lubumbashi, la kwako la kushika bomba nalichukua kama lilivyo. Kabla ya mwaka huu nilikuwa naamini mwenye bandari ndiye mwenye kauli.

Yule dereva niliyewaeleza ameshusha jana usiku. Leo asubuhi kanipigia kuuliza meli ya salfa imefunga gati ngapi, maana amepangiwa kupakia kesho.